Shupaza tatu kwa pointi 6

Wageni wa bridge tunaowapokea klabuni hapa Mombasa huja wakiwa wanajua karata. Mtu aliyekulia barazani akicheza turufu hahitaji kufundishwa kufuata aina, kukata, wala kukumbuka ree zipi zimeshatoka. Kinachowatoa jasho ni mnada. Na ndani ya mnada kuna mahali pamoja panapowatoa jasho hata wakongwe: pande zote mbili zimeshapata aina yao, dau limefika tatu, zamu imekufikia, na watu watatu wanakungoja useme. Upandishe dau? Uwaachie? Uwapige dabo?

Nimekuwa nikiliwaza swali hilo tangu nianze kucheza na Mwalimu. Mwalimu ni mwenzangu mezani, mama aliyestaafu baada ya kufundisha hesabu sekondari maisha yake yote ya kazi, na mnada wake ni wa mtu asiyependa maneno ya ziada. Nataka kueleza anachokifanya, kwa sababu naamini ndicho kinachokosekana kwa wengi wetu.

Kwa asiyeujua mchezo, niseme kwa ufupi. Tunacheza wanne, wawili kwa wawili wanaotazamana: Kaskazini na Kusini, Mashariki na Magharibi. Kila mtu ana karata 13. Kabla ya kucheza kuna mnada, na kila dau lina ngazi na aina. Aina zinapangwa kutoka chini: pau, uru, kopa, shupaza, na juu yake bila turufu. Ngazi ni moja hadi saba, kwa hiyo kuna madau 35 tu katika lugha nzima ya mchezo huu, mbali na pasi (kutotangaza dau), dabo (kuongeza malipo ya dau la wapinzani) na ridabo (kuyaongeza tena). Ukitangaza kopa mbili umeahidi kula triki 8 kati ya 13 (triki ni mzunguko wa karata nne, moja kwa kila mchezaji) kopa ikiwa turufu: sita za msingi, ongeza mbili. Ukizipata, unalipwa. Ukipungukiwa, wanalipwa wao, na wanalipwa zaidi ukiwa hatarini, hali inayopangwa kabla ya kila mgawo. Hali hiyo ya kuwa hatarini au salama aliiingiza Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925, alipokuwa melini akipita Mfereji wa Panama na wenzake wa karata, na ndiyo inayofanya karata zilezile zistahili dau hili usiku huu na dau jingine kesho.

Sasa, kitu cha kwanza anachofundishwa mwanafunzi ni pointi. Ree 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1. Karata zote zina pointi 40. Ukiwa na 12 au 13 unafungua mnada, nyinyi wawili mkiwa na 25 hivi mnatafuta gemu, yaani dau kubwa lenye zawadi, kama kopa nne. Hesabu hiyo ni nzuri sana pale wapinzani wanaponyamaza. Tatizo ni kwamba mwanafunzi anaibeba hadi kwenye mnada wa ushindani, mahali ambapo mara nyingi sisi tuna 18 na wao 22, au 20 kwa 20, na kila mtu anaangalia pointi zake na kujiona hana haki ya kusema. Pointi zikiwa zimegawanyika namna hiyo hazisemi lolote juu ya nani anunue mkataba, yaani dau la mwisho linalochezwa. Kinachosema ni idadi ya turufu.

Nitatoa bodi moja (mgawo mmoja wa karata) ya Jumatano moja, maana hapo ndipo nilipoona jambo hili wazi kuliko kwenye maelezo yoyote.

Magharibi aligawa, na hakuna upande uliokuwa hatarini. Alifungua kopa moja. Mimi nilikuwa Kaskazini nikiwa na shupaza 5 (ree, ghulamu, 10, 7, 3), kopa 3 ndogo (8, 5, 3), uru 2 (mfalme na 6) na pau 3 (mfalme, 8, 5). Pointi 11, aina nzuri ya shupaza. Nikasema shupaza moja. Mashariki akasema kopa mbili. Mwalimu akaangalia karata zake mara moja, akachomoa kadi ya dau kutoka kwenye kisanduku chake, akaiweka mezani: shupaza tatu.

Magharibi alikuwa bwana mmoja mchezaji mzuri, na nilimwona akiitazama ile kadi. Alikuwa na pointi 16. Alikuwa na kopa 5 na pau 4. Angependa sana kumuuliza mwenzake maswali mawili matatu: una kopa ngapi, una chochote kwenye pau, tunaweza gemu? Nafasi ya kuuliza haikuwepo. Akitaka kusema kopa, ni nne, gemu nzima. Akakaa, akasema pasi. Mimi pasi, Mashariki pasi.

Mashariki akaongoza kopa, na Mwalimu, ambaye sasa alikuwa dami, yaani mwenza ambaye karata zake nazicheza mimi, akaweka karata zake wazi: shupaza malkia, 8, 6, 4; kopa 7 na 2; uru ree, 9, 5, 3; pau 10, 7, 4. Pointi 6.

"Mwalimu, umepanda hadi tatu na pointi 6?" bwana yule aliuliza, kwa mshangao wa kweli.

"Nimepanda na shupaza 4," Mwalimu akamjibu.

Mezani nilipoteza kopa mbili. Ya tatu niliikata kwa turufu ya dami. Nikiwa kwa dami, nikaongoza malkia wa shupaza. Magharibi akamfunika na mfalme, nikamla na ree yangu. Turufu zikaisha bila kupoteza hata moja. Kisha nikarudi kwa dami na ree ya uru, nikaongoza pau kuelekea kwa mfalme wangu, na kwa kuwa ree ilikuwa kwa Magharibi, aliyetangulia kucheza kabla yangu, mfalme alikula. Pau mbili zikaenda. Kopa mbili na pau mbili: wao 4, sisi 9. Shupaza tatu, alama 140 upande wetu.

Tulipofungua karatasi ya matokeo tukaona meza nyingine, iliyocheza karata zilezile, imeandika alama 50 tu kwa Kaskazini na Kusini. Kule Kusini alisema shupaza mbili, jambo ambalo kila kitabu cha wanaoanza kingelikubali kwa mkono wa pointi 6. Magharibi akasema kopa tatu bila wasiwasi wowote, na wote wakapasi. Wapinzani walipungukiwa triki moja: shupaza mbili, uru mbili na mfalme wa pau. Yaani wao walikuwa na triki 8 kwa kopa, sisi 9 kwa shupaza. Jumla 17.

Hesabu turufu. Kwa shupaza sisi tulikuwa nazo 9. Kwa kopa wao walikuwa nazo 8. Jumla 17.

Huo ndio mpango wote. Mfaransa Jean-René Vernes ndiye aliyeliweka wazo hili mbele ya wasomaji wa Marekani mwaka 1969, kwenye jarida la The Bridge World: jumla ya triki ambazo pande mbili zinaweza kula, kila upande ukicheza kwa aina yake bora, inakaribiana na jumla ya turufu za pande hizo mbili. Miaka ya 1990 Mmarekani Larry Cohen akalifanya kuwa chakula cha kila siku cha wachezaji wa klabu. Wanaliita Sheria. Jina hilo ni kubwa kuliko linavyostahili, nitalirudia baadaye, lakini kwanza tazama linavyofanya kazi, kwa sababu watu wengi wanalijua jina na hawajawahi kuketi na kalamu.

Chukua jumla ya 17, sisi 9 wao 8, wote salama, wao wamesema kopa tatu na mimi nafikiria shupaza tatu. Sijui nani ana triki ngapi. Sihitaji kujua. Wao wakiwa na 9, kopa tatu inawapa 140. Sisi basi tuna 8, tutapungukiwa moja, tunatoa 50 badala ya 140. Wao wakiwa na 8, ningepasi ningepata 50. Sisi tuna 9, napanda napata 140. Wao wakiwa na 10, wangeandika 170. Sisi tuna 7, tunatoa 100. Wao wakiwa na 7, ningepata 100. Sisi tuna 10, napata 170. Mara zote nne kupanda kunashinda. Hakuna mgao wa nguvu unaoniambia nipasi. Mtu akinipiga dabo na nikapungukiwa moja natoa 100, bado ni nafuu kuliko 140. Hatari ya kweli ni kupigwa dabo na kupungukiwa mbili, 300, na hilo linahitaji wapinzani wenye uthubutu na mgao mbaya kwa pamoja.

Rudia hesabu hiyohiyo kwa jumla ya 16, 8 kwa 8. Wao wakiwa na 9 wanapata 140. Sisi tuna 7, tunatoa 100, na kwa dabo 300. Wao wakiwa na 8 ningepata 50 kwa kupasi. Nikipanda tuna 8, natoa 50. Wao wakiwa na 7 ningepata 100; nikipanda tuna 9, napata 140. Faida ndogo pande mbili za pembeni, hasara kubwa katikati, na katikati ndiko bodi nyingi zinakolala. Kwa 16 unapasi.

Turufu moja inabadilisha jibu lote. Pointi tatu hazilibadilishi.

Na hili nalo lilitokea usiku uleule, kana kwamba limepangwa. Mnada ulianza vilevile: kopa moja upande wa Mashariki, shupaza moja kwa mwenzangu, kopa mbili, zamu yangu. Safari hii sisi tulikuwa hatarini. Nilikuwa na shupaza mfalme, 9, 2. Kopa ghulamu, 7, 5. Uru ree, ghulamu, 6, 2. Pau 8, 5, 4. Pointi 9, tatu zaidi ya zile za Mwalimu. Nikasema shupaza mbili. Mashariki akasema kopa tatu, Mwalimu pasi, Magharibi pasi, zamu ikanirudia.

Mkono wa pointi 9 unakuomba useme tena. Unahisi una kitu hujakisema. Lakini vyote nilivyokuwa navyo vilikuwa vimeshasemwa: shupaza mbili ilimwambia Mwalimu nina tatu na nguvu kiasi. Zetu ni 8. Zao? Wanacheza kufungua kopa wakiwa na 5, na Magharibi kuunga mkono kunahitaji 3, basi angalau 8. Je, zinaweza kuwa 9? Mimi mwenyewe ninazo 3 mkononi. Wao wakiwa na 9, mwenzangu ana moja tu. Na mwenye kopa moja tu angekuwa na hamu kubwa zaidi ya kusema kitu badala ya kupasi mbele ya kopa tatu. Kwa hiyo 8 kwa 8. Tena ghulamu wangu wa kopa, anayenipa pointi moja kwenye karatasi, hanisaidii kitu nikicheza shupaza. Nikiwazuia wao kwenye kopa, anaweza kula. Na mgao wangu ni 3-3-4-3, hakuna ninachoweza kukata mapema. Nikapasi.

Walipungukiwa moja. Waliosema shupaza tatu kwenye meza nyingine walipungukiwa moja pia, wakatoa 100 kwa kuwa walikuwa hatarini. Kama mtu angewapiga dabo ingekuwa 200, na katika mashindano ya jozi 200 ni nambari mbaya kuliko zote. Sababu yake ni hii: mikataba midogo ya wapinzani hulipa 90, 110, 140, labda 170. Ukitoa 200 kwenye bodi ambayo hakuna upande wenye gemu, umetoa kuliko wote ukumbini. Ndiyo maana nikiwa hatarini na turufu 8 sipandi hadi tatu, hata karata zikipendeza vipi.

Ukiyaunganisha haya mawili utaona Mwalimu anachofanya. Anauliza swali moja, zetu ni ngapi, na akishapata jibu anakwenda moja kwa moja hadi ngazi inayolingana nalo, mara ya kwanza, bila kusubiri. Zetu 8, triki 8, ngazi ya mbili. Zetu 9, ngazi ya tatu. Zetu 10, ngazi ya nne, hata kama pointi zake ni 4. Na akishafika hapo hasemi tena.

Sehemu ya pili, kutosema tena, ndiyo ngumu kwa wengi. Tunapenda kuanza kwa upole: shupaza mbili kwanza, tuone. Wakipanda kopa tatu, basi nasi tatu. Inaonekana ni busara, kumbe umewapa wapinzani mazungumzo ya bure. Magharibi ameshajua mwenzake hana zaidi, Mashariki ameshaonyesha alichonacho, na sasa wote wawili wanajua kama wakuachie, wakupige dabo au wapande. Ukifika tatu kwa hatua moja, yule bwana wa pointi 16 anabaki na kukisia. Kwenye bodi ile alikisia vizuri, alipasi. Angesema kopa nne angepungukiwa mbili. Siku nyingine atakisia vibaya, na wewe huhitaji kufanya lolote.

Bila shaka mtu atauliza: mkono wa nguvu kweli je, wenye turufu 4 na pointi 11 au 12, utasemaje ikiwa shupaza tatu ni ya wanyonge? Hapo tunatangaza aina ya wapinzani. Mwenzangu amesema shupaza moja, Mashariki kopa mbili, mimi nikisema kopa tatu sina nia ya kucheza kopa. Namwambia nakuunga mkono na nina nguvu. Tukiwa na chombo hicho, shupaza tatu inakuwa huru kubeba maana moja tu: turufu 4, nguvu chache. Bila makubaliano hayo Mwalimu asingeweza kusema alichosema, maana mimi na pointi zangu 11 ningedhani ameniita gemuni.

Sasa lile jina. Mike Lawrence na Anders Wirgren walilishambulia waziwazi mwaka 2004, wakionyesha kwamba mara nyingi jumla ya triki hailingani sawasawa na jumla ya turufu, inazidi au inapungua. Naona wana haki. Ukiwa na malkia na ghulamu kwenye aina ya wapinzani, jumla inashuka, maana karata hizo zinakula wakicheza wao na zinakufa ukicheza wewe. Upande wako ukiwa na aina mbili zinazokutana vizuri, mathalani shupaza 9 na uru 8, jumla inapanda. Mkono wenye aina moja yenye karata moja tu una thamani kuliko mkono wa 4-3-3-3 hata turufu zikiwa idadi ileile. Mwalimu, aliyefundisha hesabu, anaichukulia Sheria kama makadirio: inakupa jibu la kuanzia, kisha unaangalia karata ndogondogo zinakuvuta upande gani. Mkono wangu wa pili ulivutwa chini na yale yote: ghulamu wa kopa, mgao bapa. Mkono wake ulivutwa juu: kopa mbili ndogo zisizo na kitu, ree kwa nje, turufu zilizo na malkia.

Nafasi nyingine ambayo watu huipoteza ni ngazi ya mbili. Wapinzani wamefungua kopa moja, wameungana kopa mbili, na pasi mbili zinakuja kwako. Wengi wanapasi na kushukuru kwamba wapinzani wamesimama chini. Lakini wapinzani waliosimama kwenye mbili hawana gemu, kwa hiyo mwenzako ana pointi, hata kama hakupata nafasi ya kusema. Na wao wakiwa na aina ya karata 8, kwa kawaida na nyinyi mna yenu. 8 kwa 8 ni triki 16: wao 8 na nyinyi 8. Kuwaachia ni kutoa 110 wakati ungeweza kupata 110, au kuwasukuma hadi tatu mahali wasipoweza. Hapo ndipo napiga dabo ya kuomba aina, au natangaza aina ya karata 5 hata ikiwa mbovu, na mwenzangu anajua kwamba pointi zake nimeshazihesabu, asipande tena kwa ajili ya hizohizo. Nikishawasukuma hadi tatu, kazi yangu imekwisha.

Juu zaidi, kwenye tano, ni kinyume. Sisi tumefika shupaza nne, wao wanasema kopa tano. Kuna msemo wa zamani wa bridge kwamba ngazi ya tano ni ya wapinzani, na ninaushika. Wameshatoka mahali walipokuwa salama. Niwafuate kwa nini? Isipokuwa mkono uwe wa ajabu, turufu 11 kwetu na aina tupu kabisa, ninapasi au ninapiga dabo.

Jambo la mwisho ninalolijali kuliko hesabu zote ni muda. Katika mnada wa ushindani kila mtu yuko kwenye ukingo, na mtu aliye ukingoni hufikiri. Anayefikiri sekunde 20 kisha akapasi amemwambia mwenzake kitu: nilikuwa karibu kusema. Sheria ya 16 ya mchezo inakataza mwenzake kukitumia kitu hicho. Akiwa na njia mbili za maana mbele yake, haruhusiwi kuchagua ile inayochochewa na ukimya ule. Watu wa klabuni huliona jambo hili kama adabu ya wakubwa, kitu cha mashindano ya dunia. Mimi naliona kama sehemu ya kuchagua dau. Ukiwa umehesabu turufu zenu tangu mwenzako alipofungua mdomo, na umeamua tangu sasa utafanya nini wakisema kopa tatu, zamu ikifika unasema kwa mwendo uleule na hakuna anayebeba mzigo wa ukimya wako. Mwalimu anaamua mapema. Shupaza tatu yake ilikuja kwa mwendo uleule anaosemea pasi.

Mwaka 2020, kumbi zilipofungwa na tukawa tunacheza mtandaoni kwenye tovuti ya Bridge Base Online, shida hii ilijificha kidogo, kwa kuwa mtandao wa mwenzako ukikwama hujui kama anafikiri au umeme umekatika. Tuliporudi mezani niliona wachezaji kadhaa wamezoea kukaa kimya muda mrefu. Ninawaomba waliache hilo.

Kuna kitu kimoja bado tunakijadili mimi na Mwalimu. Mnada umekwenda kopa moja, shupaza moja, kopa mbili, shupaza mbili, na Magharibi amesema kopa tatu mbele ya mwenye shupaza. Mwenye shupaza sasa ana mikono ya namna mbili. Mmoja una shupaza 6, turufu ni 9, anataka kusema tatu kwa ushindani tu. Mwingine una pointi 16 na anataka kumuuliza mwenzake, unaweza gemu? Kati ya kopa tatu na shupaza tatu hakuna dau lililobaki la kuulizia. Jozi nyingi za juu hutumia dabo kwa kazi hiyo: dabo inauliza gemu, shupaza tatu inasema niache hapa. Gharama yake ni kwamba huwezi tena kuwaadhibu kwa dabo wapinzani waliopanda kupita kiasi. Mwalimu anasema wanaopanda hadi tatu wakiwa na aina ya karata 8 au 9 hawaadhibiki mara nyingi, kwa hiyo hatupotezi kitu kikubwa. Mimi nilitaka tubakishe dabo ya adhabu pale tu wao wanapokuwa hatarini na sisi salama. Amekataa, kwa hoja kwamba dau lenye maana mbili kulingana na hatari tutalisahau mmoja wetu saa nne usiku. Tumeandika dabo ya kuuliza gemu kwenye kadi yetu ya makubaliano, kwa kalamu ya risasi, na tunaanza nayo Jumatano hii.